Wauza magodoro Dodoma, hiyo "HD" ni kilo ngapi? Tumechoka kuuziwa herufi

Wakuu, hili jambo limezidi. Pita maduka ya magodoro kuanzia Majengo hadi Sabasaba, uliza godoro lina densiti ngapi. Utajibiwa "hiyo ni HD, bosi, haibonyei." HD, yaani densiti kubwa, ya kilo ngapi? Muuzaji anakuangalia kama umemtukana. Tangu Serikali itangaze kuhamia hapa mwaka 2016 watu hawaishi kupanga na kununua vitanda, na kila muhula wanafunzi wanashuka na mabegi wakitafuta godoro la futi 3 kwa 6. Soko ni kubwa, lakini namba moja ya muhimu haiandikwi kwenye lebo.

Densiti ni uzito wa sponji katika mita moja ya ujazo. Sponji ya kilo 16 na ya kilo 30 zote zinashonewa lebo ileile ya HD. Na hapa ndipo watu wanapopigwa: ukibonyeza kwa kidole dukani, ile ya kilo 16 inaweza kuwa ngumu kuliko ya 30. Ugumu na densiti ni vitu viwili tofauti. Sponji ya poliyurethani inaumuka kama andazi. Maji kwenye mchanganyiko yanakutana na kemikali, inatoka gesi ya kaboni dayoksaidi, na gesi hiyo ndiyo inayotengeneza vile vitundu. Kiwandani wakiongeza maji, sponji inaumuka zaidi kwa malighafi ileile, inakuwa nyepesi, na bado inatoka ngumu kwa sababu maji hayohayo yanaongeza viunganishi vigumu ndani yake. Kuta za vitundu ni nyembamba. Mtu mzima akilalia usiku baada ya usiku, kwa joto na jasho la mwili, zinavunjika pale kwenye nyonga na mabega. Unabaki na shimo katikati na kingo zilizosimama.

Kwa hiyo acheni kubonyeza. Pimeni kilo. Godoro la 5 kwa 6 la inchi 8 ni futi za ujazo 20, yaani mita za ujazo 0.57 hivi. Sponji ya densiti 16 itakuwa na kilo 9, ya 25 kilo 14, ya 30 kilo 17. La 4 kwa 6 la inchi 6 ni mita za ujazo 0.34: kwa densiti 25 ni kilo 8 na nusu. La 3 kwa 6 la inchi 6 ni 0.255, yaani kilo 6 na kidogo. Kwenye uzito uliosoma mzani, toa kama kilo moja ya kava kwa la 5 kwa 6, na zaidi kama kava limeshonewa tabaka nene. Kama duka halina mzani, panda kwenye mzani wa kupimia watu ukiwa umelikumbatia godoro, kisha toa uzito wako. Mtu mzima anayelala kila siku asishuke chini ya 25. Aliyevuka kilo 80 atafute 30 kwenda juu. Ya 15 au 16 inafaa kitanda cha mgeni anayekuja mara mbili kwa mwaka.

Kuna wanaojua kwamba mteja atapima, basi sponji inatiwa unga wa chokaa ili iwe nzito. Fungua zipu, sugua sponji kwa nguvu kwenye kitambaa cheusi. Ukiona vumbi jeupe, au sponji inamegeka ukiifinya kwa kucha, achana nayo hata mzani ukisomaje. Zipu ikiwa wazi, pima na unene kwa futi ya fundi. Inchi 8 inayoandikwa mara nyingine ni 7 na kitambaa, na inchi moja kwenye la 5 kwa 6 ni sponji ya futi za ujazo 2 na nusu uliyolipia bila kuipata. Tazama pia kama ni kipande kimoja au vipande vilivyogundishwa. Na rangi ya waridi au bluu haithibitishi densiti yoyote. Ni rangi.

Godoro la vipande vilivyosagwa na kushindiliwa kwa gundi ni zito na gumu kweli, linavumilia, lakini muuzaji alitaje kwa jina lake, asilipitishe kama sponji mpya. Memori fomu ni habari nyingine: inalainika kwa joto, na usiku wa Juni na Julai hapa Dodoma itakuwa ngumu hadi mwili uipashe.

Kinachoudhi zaidi ni wauzaji kuyaanika magodoro barabarani kutwa nzima. Jua linaigeuza sponji kuwa ya njano na kuikausha juu hadi inapukutika. Ukiona upande mmoja umepauka, dai lingine. Hata nyumbani, ukianika kwa ajili ya kunguni, liache na kava lake.

Sasa usalama, na hapa sina subira. Muuzaji anayesema "hili haliungui" anadanganya. Sponji inashika moto haraka, na moshi wake una kaboni monoksaidi na haidrojeni sayanaidi, ambazo zinaua mtu kabla moto haujamfikia. Mshumaa, dawa ya mbu ya kuchoma, simu inayochajiwa chini ya mto, jiko la mkaa linaloingizwa chumbani wakati wa baridi: vyote vikae mbali na godoro, na jiko lisilale chumbani kabisa. Nailoni ya dukani itoeni siku hiyohiyo, acheni madirisha wazi siku moja au mbili harufu itoke. Kuilalia eti kuzuia vumbi kunafungia jasho, na kwa mtoto mchanga ni hatari ya kuziba pumzi. Yeye anahitaji godoro gumu, tambarare, lisiloacha nafasi ya kupita vidole viwili ubavuni mwa kitanda.

Chaga zikiachana zaidi ya vidole vinne, hata densiti 30 itazama.

Mwisho, msilipe bila risiti ya EFD yenye futi, inchi na densiti. Akigoma kuandika namba, hana namba. Maelezo ya kupotosha yanakatazwa na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na malalamiko yanapokelewa FCC, Tume ya Ushindani. Vipimo pungufu pelekeni Wakala wa Vipimo, ubora pelekeni TBS, Shirika la Viwango.

Aliyepima godoro lake aweke hapa chini: futi, inchi, kilo. Jina la duka acheni, tunataka namba kwanza.