Naomba ushauri: milioni 24 nipunguze mkopo wa nyumba au ninunue hatifungani?

Wakuu, habari za saa hizi.

Nina mkopo wa nyumba benki, salio milioni 38, riba asilimia 15, imebaki miaka 11. Rejesho ni laki tano na tisini kwa mwezi. Juzi nimekaa na karatasi ya marejesho nikaona 475,000 ya mwezi huu ni riba tupu! Deni lenyewe linapungua kwa laki moja na ushee. Usingizi ulikata.

Sasa nimeuza kiwanja Kibaha, nina milioni 24 mkononi. Nikizilipa zote na rejesho likibaki lilelile, kwa hesabu zangu deni linaisha ndani ya miaka miwili na nusu. Shemeji yangu ananiambia nipeleke hatifungani za serikali za miaka 25, yaani naikopesha serikali, nalipwa kuponi (riba yake) kila miezi sita na haikatwi kodi. Mama watoto anataka deni liishe na hati ya nyumba irudi kutoka benki, basi.

Wasiwasi wangu: nikilipa zote, mtoto akiugua nakopa wapi tena? Na mkataba una faini ya kulipa mapema, asilimia mbili ya kiasi ninacholipa. Aliyewahi kupunguza deni hivi, benki walikubali kufupisha muda au walishusha rejesho tu?