Kidude cha "kukamata mwizi" kinamtonya mwizi! Wauzaji wa Tanga mnatuona mazuzu?

Wakuu, salaam.

Mie si mtu wa kuanzisha nyuzi. Huwa napita kimya kimya, nasoma vituko vya ndoa za watu, nacheka, nalala. Leo nimekereka. Mods, naomba msiuhamishie uzi huu kwa wataalamu wa kompyuta, wanunuzi wako hapa.

Kwa wasioijua Tanga: huku mwanamke kupanda baiskeli si kituko. Mama na buibui lake, kapu mbele, mtoto nyuma, anakata zile barabara za namba za Ngamiani na hakuna anayegeuka kumtazama. Mie nauza vitafunio maofisini. Baiskeli yangu ilikuwa zile za mtumba wa Kijapani, nzito, kapu la chuma, stendi ya miguu miwili. Mtaji wangu ulikuwa pale. Wameipitia Chumbageni nje ya ofisi moja, nimeingia kupeleka sambusa na kudai deni la wiki iliyopita (deni lenyewe sikupewa). Natoka na hotpoti tupu mkononi, nakuta mnyororo umekatwa, umelala chini.

Walinzi wakanipa pole. Mie nikawaambia subirini, mtaona. Maana chini ya siti, nimekaza kwa zipu za plastiki na kupaka grisi juu kisionekane, kulikuwa na kidude: tagi, kile kifaa kidogo cha kukuonesha kwenye simu kitu chako kiko wapi.

Kidude nilinunua duka moja la vifaa vya simu hapa mjini. Silitaji, sitaki kesi. Wana bango kubwa: KAMATA MWIZI WAKO KIGANJANI. Kijana wa dukani kaniapia: "Dada, hii ni jipiesi kamili, mwizi akifika hata Horohoro unamuona anavuka mpaka." Nikatoa laki kasoro kidogo. Hesabuni wenyewe hiyo ni sambusa ngapi.

Uongo wa kwanza ni huo. Tagi hizi hazina jipiesi (GPS, ile ya setilaiti). Hazina laini, hazina bando. Ndani kuna betri ya duara kama ya saa na Bluetooth, basi. Kinatoa mawimbi ya Bluetooth, sikio halisikii, simu ya mpita njia ikiyanasa inatuma mahali ilipo yenyewe kwa siri, wewe mwenye tagi unaona nukta kwenye ramani. Hakuna simu jirani, hakuna nukta. AirTag ya Apple inategemea vifaa vya Apple. Nenda pale soko la Mgandini uhesabu iPhone ngapi zinapita mbele ya wauza nazi. Zile za mtandao wa Google zina simu nyingi zaidi huku kwetu, lakini nazo kwa mpangilio wake wa kuanzia husubiri kidude kisikiwe na simu kadhaa ndipo wakuoneshe mahali, na simu ya mtu aliyehifadhi anwani ya kwake haichangii taarifa akiwa karibu na nyumbani. Wamefanya makusudi ili watu wasifuatwe majumbani mwao. Sawa kabisa. Ila uniambie kabla sijafungua pochi!

Jioni ile nukta ikatokea Makorora. Moyo ukaruka. Nikaenda kituoni, nikachukua RB, nikamwonesha afande simu. Akaitazama, akaikuza kwa vidole viwili, akanirudishia.

"Mama, hii duara ina nyumba ngapi ndani yake?"

Nikahesabu mapaa. Kumi na kitu. Na mnajua nyumba zetu za Kiswahili, korido katikati, vyumba sita, kila chumba na mpangaji wake.

"Sasa niingie ipi? Kwa mzee anayeswali au kwa mama anayenyonyesha?"

Nilimchukia saa ile. Baadaye nimefikiria, na kwa hilo sina la kumlaumu. Chini ya nukta ilikuwa imeandikwa kwamba kidude kilionekana muda mrefu nyuma. Baiskeli ilishapita, labda.

Tena nimshukuru Mungu kwa jambo moja. Vijana wa kijiweni kwetu walishakusanyana, mmoja ana nondo. "Mama sambusa tuoneshe nyumba tu." Mjumbe ndiye aliyewakemea wakatawanyika. Ningewaonesha nyumba ipi? Ningenyoosha kidole kwenye mlango wowote kati ya ile kumi na kitu, kesho yake mngesoma kwamba wananchi wenye hasira kali wamemuua mtu Makorora. Muuzaji anayesema "kamata mwizi wako kiganjani" hajui anaongea na mji gani? Nukta ile haisemi nani. Inasema kuna simu ya mtu ilipita hapa.

Asubuhi yake nukta ikatulia sehemu moja. Nikaenda na mjumbe. Tumekikuta mtaroni, bila baiskeli. Zipu zimekatwa kwa kisu, grisi imefutwa vizuri na kitambaa. Mtoto mmoja akakiokota, kikaanza kulia kama kifaranga kilichopotea mama yake. Watoto wakacheka. Kijana mwingine akakisogeza nyuma ya simu yake, ukurasa ukafunguka: namba ya kifaa, na tarakimu nne za mwisho za namba yangu ya simu. Na mwizi kama alifanya hivyo hivyo, anazo.

Nikarudi dukani nimefura. Sikilizeni majibu.

"Dada, huyo atakuwa na simu janja. Simu yenyewe inampa taarifa kwamba kuna kifaa kisichojulikana kinatembea naye."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza."

Hukuuliza! Nilinunua kitu cha kukamata mwizi, nilitakiwa niulize kama kinamtonya?

Nimekaa na mdogo wangu anayesoma chuo tukachimba. Wakuu, si siri na si jambo jipya. AirTag ilitoka Aprili 2021 na tangu siku ya kwanza iPhone ilikuwa inamwonya mtu anayetembea na tagi isiyo yake. Mwanzoni tagi ilikaa siku tatu mbali na mwenyewe ndipo ilie. Kelele za watu zikawa nyingi, mwaka huo huo wakashusha ikawa muda wowote kati ya masaa 8 na 24. Mei 2024 Apple na Google wakaungana, sasa hata Android ya toleo la 6 kwenda juu inatoa onyo, hata kama tagi ni ya upande wa pili. Onyo lenyewe si la maneno matupu. Linampa ramani ya mahali kidude kilipoonekana kikitembea naye, kitufe cha kukiliza akitafute, na maelekezo ya kukizima. Yaani kibaka wangu kahudumiwa kuliko mie mteja.

Na kwa nini waliweka hivyo? Kwa sababu ya watu wenye wivu. Wanaume (na wanawake, tusijifanye) walianza kuvitumbukiza kwenye mikoba na magari ya wenzao. Indianapolis, Marekani, mwaka 2022 mwanamke alimfuata mpenzi wake kwa AirTag hadi baa, akamgonga na gari, akafa. Desemba mwaka huo wanawake wakaishitaki Apple mahakamani California wakisema wamefuatiliwa. Apple wenyewe walishasema tagi ni ya kutafutia vitu vyako, si ya kufuatia watu. Funguo zimeangukia nyuma ya kochi, begi limesahaulika kwenye basi stendi ya Kange, hapo inafaa. Mtengenezaji hajaniahidi mwizi. Aliyeniahidi mwizi ni wa Tanga hapa.

Sasa njooni kwenye kilichonifanya niandike.

Nimemwambia kijana nirudishie hela. Akainamia kaunta, akashusha sauti: "Dada, hela hairudi. Ila niletee elfu kumi na tano niiue spika. Hailii tena. Wanaume wengi wanaletaga, wanaweka kwenye pochi za wake zao, hawajui kitu." Akatabasamu, kana kwamba kanitunuku.

Nilisimama pale sijui nimjibu nini. Kwanza, hata kama ningekuwa mjinga wa kukubali, spika ikifa simu ya mwizi inaendelea kumwambia, kwa hiyo dhidi ya mwizi mwenye simu janja haisaidii lolote, ni elfu kumi na tano nyingine inakwenda na maji. Pili, fikirieni nani anaumia. Mwanamke mwenye simu janja ataona onyo kwenye kioo. Mwenye kitochi je? Kitochi hakitoi onyo lolote. Kinga yake pekee ni ule mlio. Na mama wangapi pale Deep Sea wanaosubiri samaki alfajiri wana vitochi? Huyu kijana kwa elfu kumi na tano anaua kinga yao, halafu analiita duka lake ulinzi.

Nina shoga yangu, sitasema mtaa wala kazi yake. Kila akienda mahali mumewe anatokea "kwa bahati". Kwa dada yake, anatokea. Hospitali, anatokea. Akaanza kuamini karogwa. Kilikuja kupatikana ndani ya bitana la pochi, kimeshonwa kwa mkono, sindano ya mtu asiyejua kushona. Hakikulia hata siku moja. Sasa najua kwa nini.

Kwa hiyo msinielewe vibaya. Sisemi onyo liondolewe ili baiskeli yangu ipatikane. Kuna wanaosema hivyo, na kuna kampuni iliyojaribu: Tile, Februari 2023, walileta hali ya kuzuia wizi ambayo tagi haionekani kwa anayejipekua, ila mwenyewe atoe kitambulisho na picha ya uso, na akubali faini ya dola milioni 1 akitiwa hatiani kwa kumfuatilia mtu. Mdogo wangu alilipenda, anasema mbona laini zetu tumesajili kwa NIDA na alama za vidole, tagi nazo zisajiliwe. Nikamuuliza: mume wa shoga yangu hana NIDA? Anayo, tena kadi kabisa, si namba tu. Na huyo mke atamshitaki nani wakati hajui kama anafuatwa? Akanyamaza akaomba chai.

Sheria tunayo. Katiba ibara ya 16 inalinda maisha binafsi ya mtu, maskani yake na mawasiliano yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022, ikaanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ipo, ilizinduliwa 2024. Mtu anapokea hela kaunta kuua spika ili mume amfuate mkewe, mchana kweupe, na bango nje. Tume ije Tanga, embe zipo.

Ninachotaka ni hela yangu. Na lile bango lishushwe liandikwe ukweli: hiki ni cha kutafutia funguo. Asiyetaka anunue jipiesi yenyewe, ile ya laini, wanayofunga kwenye bodaboda. Nayo ina mambo yake: kaka yangu anaendesha pikipiki ya mkataba, tajiri kamfungia moja ya zile unazozipigia simu unasikiliza. Kumbe alikuwa anamsikiliza akibishana na abiria, na akimsema yeye tajiri vilevile. Alijua siku tajiri alipomrudishia maneno yake neno kwa neno. Huo uzi mwingine, nitamwambia auanzishe mwenyewe.

NYONGEZA, baada ya kusoma majibu yenu:

Mnaosema "ungenunua kufuli zuri": kufuli lilikuwa zuri, mkasi wao ulikuwa mzuri zaidi.

Mkuu uliyeuliza kama baiskeli imepatikana: haijapatikana. Ni ya bluu iliyochujuka, kapu limefungwa kwa waya upande wa kulia, kengele haina mfuniko. Ukiiona Mabawa, Duga, Mikanjuni, Pongwe, popote, usiikimbilie wala usiite watu. Piga picha, niandikie, niende na RB yangu.

Kaka uliyesema wanawake wasio na cha kuficha hawana cha kuogopa: weka hapa nenosiri la simu yako, tuanze na wewe.

Dada uliyeuliza utajuaje kama unacho: kwenye Android ingia mipangilio, sehemu ya usalama na dharura, tafuta palipoandikwa tahadhari za vifuatiliaji visivyojulikana, bonyeza kuchanganua. Ukikipata usikitupe kwanza, kipige picha pamoja na namba yake ya kifaa, na fikiria kabla ya kukizima maana aliyekiweka ataona kimenyamaza. Mwenye kitochi, mwombe mtu wa karibu unayemwamini mwenye simu janja mkae pamoja akuchanganulie, na mkoba ubinue wote, papasa bitana.

Na nyie wawili mlionifuata PM kuulizia duka liko barabara ya ngapi, eti "na wewe dada unisaidie tu, nataka ile isiyolia, ni ya begi langu": begi lako na lilie. Sikwambii.