Naomba ushauri: Cornas changa ikae kwenye jagi muda gani?

Wakuu, naomba ushauri kuhusu mvinyo mwekundu wa Cornas, kaskazini mwa bonde la Rhône, Ufaransa. Kule zabibu ni Syrah tupu, kwenye miteremko ya graniti. Harufu ya pilipili manga, ambayo ndiyo raha yake hasa, hutokana na rotundoni, kemikali ya harufu iliyo kwenye ganda la zabibu, na zabibu zikikomaa katika mwaka wenye ubaridi huzidi.

Shida ni tanini, ule ukakasi wa zabibu: chupa ya miaka 4 hukausha ulimi hadi ile pilipili haisikiki. Nikiinywa kwenye nyuzi joto 14, tanini huzidi kukaza. Ikipita 20, alkoholi hutawala pua. Nalenga 17.

Je, nikiimimina kwenye jagi ipate hewa ilainike, saa 1 inatosha, au 3? Na iliyochachushwa pamoja na vikonyo vya zabibu, iongezewe muda?