Mrejesho: Fundi umeme wa Dodoma aliyetaka kazi ya maboya

Wakuu, salaam kutoka Kisasa. Mwaka jana niliwauliza kama fundi umeme aliyesomea VETA (mafunzo ya ufundi stadi), mzaliwa wa Kongwa, anaweza kupata kazi ya kutunza maboya (vielea vyenye taa vya kuongoza meli) na minara ya taa baharini. Asanteni sana kwa majibu.

Nilifuata ushauri wa kaka aliyesema nijifunze kuogelea, kisha nisome kozi ya usalama wa msingi pale DMI, chuo cha mambo ya bahari, Dar. Cheti hicho ndicho kilichonifungulia mlango: mkandarasi mmoja alinipa kibarua cha mwezi. Boya la kwanza nililolipanda, paneli ya sola ilikuwa nyeupe kwa kinyesi cha ndege na viungio vya nyaya vimeshika kutu ya kijani. Nikasugua, nikabadilisha betri, jioni taa nyekundu ikawaka. (Nyekundu kwetu hubaki kushoto kwa meli inayoingia bandarini. Dada aliyenielewesha hili, ubarikiwe, niliulizwa kwenye usaili!)

Ajira ya kudumu bado sijapata. Barua nilizopeleka maofisini kabla ya kozi, kama wengine mlivyoshauri, hazikujibiwa hata moja. Kwa sasa nafunga sola hapa Dodoma. Mkandarasi kaniita tena mwezi ujao, naenda.