Naomba ushauri: kutuma anwani ya Bitcoin kwa mlio wa simu

Ndugu wanakikundi, habari za kazi.

Nauza vipuri vya simu karibu na soko la Owino, Kampala, na baadhi ya wateja huomba kulipa kwa Bitcoin, sarafu ya kidijitali. Kamera zao nyingi zimepasuka, hivyo msimbo wa kuskani hausomeki, na kuandika kwa mkono anwani yangu ya kupokelea malipo, yenye herufi na tarakimu 42 na inayoanza na bc1q, kunachosha. Nimejaribu ggwave, programu huria inayogeuza maandishi kuwa milio ambayo simu ya pili huipokea kwa maikrofoni. Asubuhi inafanya kazi vizuri, lakini boda boda zikianza kupiga honi haipokei kitu. Milio ya masafa ya juu, isiyosikika kwa sikio, nayo imezishinda spika za bei nafuu.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni usalama, kwa kuwa herufi za ukaguzi zilizomo ndani ya anwani hugundua kosa la kunakili tu, wala haziwezi kumfichua mtu wa jirani aliyepiga mlio mkubwa zaidi wenye anwani yake mwenyewe.

Je, inatosha mteja anisomee herufi kadhaa za mwanzo na za mwisho kabla ya kutuma, au kuna njia madhubuti zaidi? Na je, kuna aliyefanikiwa kutumia milio hii penye kelele?