Brekipointi yangu imehamishwa bila ruhusa, kisha nikaambiwa ni kwa faida yangu

Wakuu, naandika mikono ikiwa bado inatetemeka. Yule mtengenezaji mnayemjua nyote, aliyetutangazia kwa mbwembwe kwamba dibaga yake (programu ya kusakia hitilafu) sasa "inatabirika katika lugha zote", leo ameniaibisha mbele ya vijana ninaowafundisha kazi. Niliweka brekipointi, alama ya kuisimamisha programu kwenye mstari ninaoutaka, ndani ya tawi la sharti ambamo fedha ya mteja hukatwa mara mbili, nikaendesha programu, na ile alama nyekundu ikateremka yenyewe, taratibu kama mwenye nyumba anayekagua vyumba vyake, hadi kwenye mabano ya kufungia funksheni. Haikuuliza. Iliteremka tu!

Najua kwamba kompaila, inayogeuza msimbo kuwa maelekezo ya mashine, ikiubana kwa -O2 ili uende kasi, mistari mingine hubaki haina maelekezo yoyote ya mashine, na kwamba dibaga haiwezi kuchomeka baiti ya 0xCC, ile inayoisimamisha programu, pasipo na anwani. Sikudai muujiza. Nilitaka niambiwe kwamba mstari huu hauna msimbo, kisha niachiwe niamue mwenyewe, kama tulivyokuwa tukiamua kabla kile kisanduku cha mipangilio hakijafutwa ili fundi wa siku nyingi na mwanagenzi wa jana waone kitu kilekile, yaani wapotee wote kwa pamoja. Na ujumbe wake ulisema: "Tumekuwekea brekipointi mahali panapofaa zaidi." Panamfaa nani? Nimeipandisha, ikashuka. Nimefunga kila kitu na kufungua upya, nikaikuta imekwisha kushuka, inanisubiri. Nikienda kulala, naamini asubuhi nitaikuta ghorofa ya chini kwa mlinzi.

Fundi Baridi: Mkuu, maandishi yote haya ni kwa sababu kidoa chekundu kimesogea? Kompaili kwa -O0, yaani bila kubana msimbo, na kitatulia. Isitoshe, mwanagenzi ambaye brekipointi yake imekataliwa hudhani programu nzima ni mbovu, ilhali iliyosogea mstari mmoja humfikisha karibu na alikokuwa akienda.

Mwanzisha uzi: Kwa -O0 hitilafu yenyewe haijitokezi, na hilo ulilijua kabla hujaandika. Tena haikusogea mstari mmoja. Ilitoka nje ya tawi la sharti, ikapita malipo yote, ikaketi kwenye mabano ya kufungia, mahali ambapo fedha imekwisha kukatwa!

Bi Rejista: LLDB, dibaga nyingine, ina mpangilio wa target.move-to-nearest-code, na ukiuweka false brekipointi haihamishwi. Chaguo-msingi ni kuhamisha, lakini mwenye ujuzi ameachiwa funguo. Huyo wenu angeweza kufanya vivyo hivyo bila kumsumbua mwanagenzi yeyote.

Mzee wa Seva: Msinichekeshe na kuhama. Mimi nikitaka kusimamisha uzi mmoja wa utekelezaji, dibaga ya huyo wenu husimamisha nyuzi zote, seva inaacha kujibu, na wateja wanakata muunganisho kabla sijasoma hata kigeu kimoja. GDB, dibaga nyingine tena, nayo husimamisha zote kwa kawaida, ila ukiandika set non-stop on kabla ya kuanza, inakutii.

Fundi Baridi: GDB unayoisifu ndiyo iliyoniharibia hati ya majaribio ya usiku. Maktaba ilikuwa haijapakiwa, swali la kuiacha brekipointi isubiri likaulizwa, na kwa kuwa hapakuwa na mtu kwenye kibodi, ikajijibu hapana. Tangu siku hiyo naanza na set breakpoint pending on.

Mwanzisha uzi: Jamani, na mabano yangu?

Kijana wa Vitanzi: Nyote mna bahati. Mimi niliweka brekipointi yenye sharti ndani ya kitanzi cha mizunguko milioni moja, na kila mzunguko programu inasimama, sharti linapimwa, ndipo inaendelea. Chai imepoa, na jibu halijatoka.

Bi Rejista: Andika sharti hilo ndani ya msimbo wako na uweke brekipointi ya kawaida chini yake. Kama unasaka nani anayebadilisha kigeu, tumia rejista za prosesa, vihifadhi vidogo ndani yake vinavyoweza kufuatilia anwani, ambazo hazipunguzi kasi kiasi hicho. Kwenye prosesa za x86 zipo nne, DR0 hadi DR3.

Kijana wa Vitanzi: Nina muundo wa baiti 64. Nne zitatosha?

Bi Rejista: Hazitoshi. Kila moja hufuatilia baiti nane kwa upeo, kwa hiyo utaona nusu yake. Chagua nusu unayoishuku.