Je, Mwenye Boti ya Starehe Alazimike Kubeba Redio ya Dharura?

Hoja ninayoileta mezani ni hii: je, mtu mwenye boti ya starehe hapa Dar es Salaam, awe anavua samaki kwa burudani, anapeleka familia kisiwani Mbudya au anakodisha boti kwa wageni wa mwisho wa wiki, alazimike kubeba redio ya baharini na kifaa cha kutuma ishara ya dharura, au jambo hilo liachwe kwenye hiari yake? Nauweka wazi msimamo wangu mapema ili kila atakayechangia ajue anajibizana na nini. Naona redio iwe lazima kwa kila boti ya injini inayovuka visiwa vyetu vya karibu kuelekea bahari kuu, na kwa kila boti inayobeba abiria wa kulipia, hata kama safari yake inaishia kisiwa cha Bongoyo.

Wanaopinga husema kwamba Bongoyo na Mbudya vinaonekana kwa macho kutoka nchi kavu, kwamba simu inashika mtandao, na kwamba siku za mapumziko boti ni nyingi kiasi kwamba mtu hawezi kukosa msaada. Husema pia kwamba wavuvi wa ngalawa na mashua wanakwenda mbali zaidi bila redio, kwa hiyo si haki kumbana mwenye boti ndogo ya starehe. Wengine huongeza kwamba hata ukiwa na redio, hakuna wa kukusikia. Hoja hizi si za kupuuzwa, nami nitaanza na ya simu kwa sababu ndiyo inayowashawishi wengi.

Simu humfikia mtu mmoja tu. Ukimpigia ndugu yako aliyeko Tegeta, naye itabidi aanze kutafuta wa kumpigia, ilhali meli ya mizigo iliyotia nanga kilomita mbili kutoka ulipo haijui lolote. Tena simu yenyewe ikishalowa maji ya chumvi, kioo chake hakitii kidole, na aliyewahi kujaribu kubonyeza namba kwenye boti inayoyumba anajua ninachosema. Redio ya baharini, inayoitwa VHF, hufanya kazi kwa namna nyingine kabisa: ukizungumza kwenye chaneli 16, yaani masafa ya megahezi 156.8, kila chombo kilicho karibu chenye redio iliyowashwa kwenye chaneli hiyo kinakusikia kwa wakati mmoja. Redio nyingi za kisasa zina kitufe cha dharura chini ya kifuniko chekundu. Ukikishikilia kwa sekunde chache, redio inatuma yenyewe kupitia chaneli 70 namba ya utambulisho ya chombo, yenye tarakimu 9, pamoja na mahali ulipo ikiwa imeunganishwa na GPS, na kengele inalia kwenye vyombo vyote vyenye mfumo huo vilivyo katika eneo la kusikika. Baada ya hapo unarudi chaneli 16 na kutamka «Mayday» mara tatu, jina la boti, mahali ulipo, kilichotokea na idadi ya watu mlio nao. Mtoto wa miaka kumi na miwili anaweza kufundishwa maneno hayo kwa alasiri moja, na ni vizuri afundishwe, maana aliyeanguka majini anaweza kuwa nahodha mwenyewe.

Nani atasikia? Swali hili lingekuwa zito kama bahari yetu ingekuwa tupu, lakini mtu akisimama Coco Beach asubuhi anaona meli zikisubiri zamu ya kuingia bandarini, na boti za abiria za Zanzibar zinapita kila siku. Chini ya mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, meli za mizigo za tani 300 na zaidi na meli zote za abiria, zikiwa katika safari za kimataifa, hubeba redio za mfumo wa dharura wa kimataifa ulioanza kutumika kikamilifu tarehe 1 Februari 1999, na zinapokuwa baharini hulazimika kusikiliza chaneli 70 wakati wote. Mkataba huohuo unamtaka nahodha anayepata taarifa ya watu walio hatarini, ikiwa ana uwezo wa kusaidia, aelekee walipo kwa kasi yote. Masharti hayo ya kubeba redio hayaigusi boti ya starehe, lakini faida yake inaweza kuifikia ikiwa tu na yenyewe ina cha kuitia. Nchi kavu nako kuna kituo cha kuratibu utafutaji na uokoaji majini hapahapa Dar es Salaam, chini ya TASAC, shirika la serikali linalosimamia usafiri wa majini. Kwa hiyo hoja ya kwamba hakuna wa kusikia siikubali, ingawa naikubali hoja iliyo jirani nayo, kwamba boti zetu za starehe zenyewe hazisikilizani, na kwamba sheria yoyote itakayotungwa iagize redio iwe imewashwa muda wote wa safari.

Sasa nije kwenye hoja ya kuona kisiwa kwa macho. Boti ya faiba yenye injini moja ya kupachika haina tanga, na nyingi hazina hata kasia la maana. Maji yakiingia kwenye petroli na injini ikazima, boti hiyo haina tena njia ya kwenda inakotaka. Mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki hutiririka kuelekea kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi hupata nguvu zaidi kwa sababu upepo na maji vinakwenda upande mmoja. Mtu aliyezimikiwa nje ya visiwa vya Sinda hawezi kutegemea kubaki pale akisubiri apitaye. Atasukumwa kuelekea mlango wa bahari ulio kati ya Unguja na bara, na saa mbili baadaye wanaomtafuta pale alipoonekana mara ya mwisho watakuta maji matupu. Ndiyo maana nasema kitu cha kwanza kuokoa ni muda, na redio huokoa muda.

Hata hivyo redio ina mipaka yake, na wanaoitetea wasiifiche. Mawimbi ya VHF husafiri karibu katika mstari ulionyooka, kwa hiyo umbali hutegemea zaidi kimo cha antena kuliko nguvu ya redio. Kinadharia, watu wawili walioketi kwenye boti ndogo na redio za mkononi, antena zikiwa mita moja juu ya maji, watasikilizana kwa takriban kilomita 8. Mmoja wao akiita meli yenye antena ya mita 25, umbali unafika kilomita 25 hivi. Hiyo inatosha kwa Mbudya, haitoshi kwa wanaokwenda kuvua Fungu Kizimkazi, kile kisiwa ambacho ramani nyingi hukiita Latham. Kwa hao nataka iongezwe EPIRB, kifaa kinachotuma ishara kwa satelaiti za mfumo wa Cospas-Sarsat kwenye megahezi 406, mfumo uliosaidia kuokoa watu kwa mara ya kwanza mwaka 1982. Kikishawashwa hutakiwa kutuma kwa saa 48 angalau. Nawaomba wanaonunua vifaa vilivyotumika wawe waangalifu: satelaiti ziliacha kusikiliza megahezi 121.5 tarehe 1 Februari 2009, kwa hiyo kifaa cha zamani kinachotuma kwa masafa hayo pekee hakitasikika na satelaiti yoyote. Na kifaa kisichosajiliwa kwa jina na namba ya simu ya mwenyewe huwachelewesha waokoaji, kwa kuwa hawana wa kumuuliza ni boti gani na ina watu wangapi.

Kuhusu wavuvi, hapa ndipo hoja ya wapinzani inaponigusa zaidi. Ni kweli wanakwenda mbali bila redio. Lakini wengi wana tanga, wanajua matlai na kusi kuliko sisi, na mara nyingi hutoka kundi. Na pamoja na hayo yote, wapo wanaopotea. Shida yao ni sababu ya kutafuta namna ya kuwapatia redio kwa bei nafuu, na haiwezi kugeuzwa kuwa sababu ya mwenye boti ya mamilioni kukataa kununua kifaa ambacho bei yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya injini yake.

Nchi nyingine hazijakubaliana juu ya jambo hili. Uingereza na Marekani kwa kiasi kikubwa huwaachia hiari wenye boti ndogo za starehe. Majimbo kadhaa ya Australia yanalazimisha EPIRB mtu akivuka maili 2 za bahari kutoka pwani. Mimi nauunga mkono utaratibu wa kupima kwa umbali, ila kwetu ningependa mpaka uwe mstari wa visiwa, kwa kuwa kila nahodha anaviona bila kifaa chochote.

Hofu yangu kubwa ni utekelezaji. Redio inahitaji leseni ya masafa kutoka TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na namba ya utambulisho, ambayo kwa chombo cha Tanzania Bara huanza na 674. Ikiwa kuzipata kutamgharimu mtu wiki za kuzungushwa ofisini, watu watanunua redio kwa ajili ya kuonyesha mkaguzi tu. Vivyo hivyo mafunzo: asiyefundishwa atapiga soga chaneli 16 au kubonyeza kitufe chekundu kwa bahati mbaya, na waokoaji watatoka bure.

Baada ya kuzama kwa MV Spice Islander I mwaka 2011 na MV Skagit mwaka 2012, tulizungumza sana juu ya meli za abiria, na ilikuwa haki. Boti ndogo hazikupata mjadala wake. Anayepinga ulazima kwa boti za kukodi naomba anijibu jambo moja: abiria aliyelipa nauli, asiyeijua boti wala bahari, nahodha wake akiishiwa chaji ya simu na injini ikakataa kuwaka, ataita msaada kwa kutumia nini?